Mizinga Iliyopita Elisabethville

Tarehe 26 Julai 1915 treni iliyotoka Cape Town iliingia stesheni ya Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Juu ya mabehewa yake kulikuwa na mashua mbili za mbao, kila moja ina urefu wa mita 12 na upana usiofika mita mbili na nusu. Zilikuwa zimepita Bulawayo, zikavuka Zambezi kwa daraja la Maporomoko ya Victoria, zikaingia Kongo kwa mpaka wa Sakania. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga: reli iliufikia mwaka 1910, na tanuru la Union Minière likaanza kutoa shaba mwaka 1911. Mashine za mgodini zilikuwa zikishushwa pale stesheni kila mara. Manowari, hata ndogo namna hii, zilikuwa jambo jipya katika mji ambao bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja upande wowote utakaoelekea.

Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwapa paka na mbwa. Zilikuwa zinapelekwa Ziwa Tanganyika kupigana na Wajerumani. Kila moja ilikuwa na mzinga wa Hotchkiss wa milimita 47 kwa mbele na rashasha ya Maxim kwa nyuma. Kisa cha safari hii kimesimuliwa mara nyingi Ulaya, na karibu kila mara wasimulizi wanakaa kwa kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye mwili wa michoro na mavazi ya ajabu. Mimi nataka kukaa kwenye mizinga, na kwa watu walioivusha Katanga. Mzinga ule wa Hotchkiss ni babu wa mashine ambazo leo hulinda manowari zenyewe, zikitafuta shabaha na kufyatua bila mkono wa mtu. Shida iliyozizaa mashine hizo ilionekana wazi juu ya maji ya Tanganyika, mbele ya macho ya watu wa Kalemie.

Tuanze na huo mzinga. Katika miaka ya 1870 manowari kubwa zilipata adui zisiyemjua: boti ndogo, nyepesi, yenye kasi, imebeba torpedo. Mizinga mizito ya manowari iliundwa kupigana na meli nyingine kubwa kwa mbali, na kuipakia na kuilenga kulichukua dakika nzima au zaidi. Boti ya torpedo ikitokea gizani, dakika ni nyingi mno. Benjamin Hotchkiss, Mmarekani aliyefungua kiwanda chake Ufaransa, alijibu kwanza kwa mzinga wa milimita 37 wenye mitutu mitano iliyozungushwa kwa mkono. Kisha kampuni yake ikatoa mzinga wa mtutu mmoja wa milimita 47, ambao jeshi la maji la Uingereza liliupokea mwaka 1886. Kombora na baruti yake vilikuwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba nyeupe, na mpigaji hodari aliweza kufyatua makombora ishirini na zaidi kwa dakika. Mwaka 1884 Hiram Maxim alikuwa amekwenda mbele zaidi: katika rashasha yake, nguvu ya risasi moja kurudi nyuma ndiyo iliyotupa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Mtu alibaki na kazi ya kulenga na kubana kitufe.

Kazi ya kulenga ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na kuitoa mikononi mwa mtu kulikuja kuchukua miaka tisini.

Kwa nini silaha hizo zilipandishwa treni hadi Katanga? Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walilishika ziwa lote. Reli yao ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo, na walikuwa na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Manowari yao ya upimaji, Möwe, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Dar es Salaam. Watu wake na mizinga yake midogo wakapelekwa Kigoma chini ya Gustav Zimmer. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, ikaiacha haifai. Tangu hapo askari wa Kijerumani walivuka walivyotaka, wakakata nyaya za simu na kuvunja mitumbwi. Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, halikuweza kwenda Tabora na huku nyuma yake ziwa liko mikononi mwa adui.

Tena meli ya tatu ilikuwa njiani, kubwa kupita zote. Graf von Götzen ilijengwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa ndani ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam kisha Kigoma kwa reli, ikaungwa upya na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Urefu wake ulikuwa mita 70 hivi. Ilikuja kupewa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye Königsberg, manowari iliyozamishwa na watu wake katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915 baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga ya Königsberg ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Atakaye kuuona mmoja aende Fort Jesus, Mombasa.

Mwezi Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alikwenda London na kuwaeleza wakuu wa jeshi la maji kwamba boti ndogo za kasi zinaweza kupelekwa kwa reli ya kusini, zikavushwa milima ya Katanga na kushushwa ziwani bila Wajerumani kujua. Walikubali. Mashua mbili zilipatikana kwa Thornycroft, zilizokuwa zimeagizwa na Ugiriki kwa kuhudumia ndege za majini. Zilikimbia noti 19, yaani kilomita 35 kwa saa, na hakuna meli ya ziwani iliyokaribia kasi hiyo. Ila mbao zake zilikuwa nyembamba, na mzinga wa Hotchkiss haukuundwa kwa chombo chepesi hivyo. Ukifyatuliwa kwa ubavu ungeweza kuipasua mashua. Kwa hiyo ulitakiwa uelekee mbele, na kitako chake kilifupishwa hadi mpigaji akalazimika kupiga magoti ili alenge.

Kutoka Elisabethville treni iliendelea hadi Fungurume, ambako reli iliishia wakati huo. Leo Fungurume inajulikana kwa mgodi mkubwa wa shaba na kobalti, na malori hayapumziki barabarani. Mwezi Agosti 1915 palikuwa mwisho wa chuma na mwanzo wa msitu. Mbele kulikuwa na kilomita 235 hadi Sankisia, na katikati milima ya Mitumba, yenye mahali panapopita mita 1,800 juu ya bahari. Matrekta mawili ya mvuke yaliletwa kuvuta mashua, pamoja na maksai zaidi ya arobaini. Barabara haikuwapo, ililazimu ikatwe. Madaraja zaidi ya mia moja yalijengwa kwa magogo juu ya vijito na makorongo.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wanakimbia, na hapa ndipo sisi wa Katanga tunapaswa kutulia. Trekta la mvuke halitembei bila maji na kuni. Ulikuwa mwezi wa ukame, mito midogo imekauka, na nyasi zinawaka moto huku na kule. Wanaume wa vijiji vya njiani walikata miti, wakapasua kuni, wakasawazisha ardhi kwa majembe na kusukuma magurudumu yalipozama. Wanawake walichota maji mbali na kuyabeba kichwani ili matumbo ya matrekta yapate kujaa. Kwenye miteremko na mipando mikali ya Mitumba matrekta peke yake yalishindwa. Ilibidi kamba ipitishwe kwenye kapi lililofungwa kwenye mti mnene juu ya mlima, maksai wavute kwa kushuka, na mashua ipande upande wa pili. Kwa namna hiyo, hatua kwa hatua, uzito wa tani kadhaa ulipanda mlima, pamoja na mizinga na masanduku ya makombora yaliyobebwa na watu.

Kazi hii ilikuwa sehemu ndogo ya kazi kubwa zaidi. Katika vita vya Afrika Mashariki, hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya wapagazi 260,000 waliochukuliwa Kongo kubeba mizigo ya jeshi la Ubelgiji. Majina ya maofisa na mabaharia ishirini na wachache wa msafara wa Spicer-Simson yameandikwa vitabuni hadi la mpishi wao. Majina ya waliokata njia kutoka Fungurume hadi Sankisia hayakuandikwa. Hilo ni deni, na halikufutwa na kupita kwa miaka.

Mwishoni mwa Septemba mashua zilifika Sankisia, zikapandishwa treni ndogo hadi Bukama, zikashushwa Lualaba. Mto ulikuwa umepungua maji. Mara kwa mara zilikwama kwenye mchanga na watu wakaingia majini kuzisukuma, hadi zikapakiwa kwenye meli ya mtoni ya Wabelgiji na kufika Kabalo tarehe 22 Oktoba. Reli mpya ya kutoka Kabalo ilikuwa imelikaribia ziwa mwaka uleule. Ukiitazama ramani ya leo, msafara ule ulikanyaga mikoa yote minne iliyozaliwa Katanga ilipogawanywa mwaka 2015: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Bandari ndogo ikajengwa Kalemie, kusini kidogo ya mdomo wa mto Lukuga, kwa mawe yaliyopasuliwa mlimani na kurundikwa majini ili kuzuia mawimbi. Wajerumani walisikia kwamba kuna kitu kinajengwa. Mwanzoni mwa Desemba ofisa mmoja wao, Job Rosenthal, alikuja kupeleleza hadi akajitupa majini na kuogelea karibu na ufuko, akakamatwa. Tarehe 22 na 23 Desemba mashua zikagusa maji ya Tanganyika.

Siku ya tatu, Jumapili tarehe 26, Kingani ilionekana ikija kutoka kaskazini, inapita taratibu mbele ya ufuko. Waingereza walikuwa katika sala ya asubuhi. Waliiacha ipite kwanza, kisha Mimi na Toutou zikatoka bandarini nyuma yake.

Mzinga wa Kingani ulikaa mbele, na uliweza kupiga kwa mbele tu. Adui alikuwa nyuma. Kapteni wake mpya, Junge, alipotambua kinachomjia ilimbidi aigeuze meli nzima ili auelekeze mzinga, na kila alipogeuza, mashua mbili zenye kasi mara mbili ya yake zilihama. Watu wa Kingani walipiga kwa bunduki za mkononi. Saa tano na dakika arobaini na saba mizinga ya Hotchkiss ilianza kulia, mpigaji akiwa amepiga magoti, akiangalia maji yanayoruka pale kombora linapoanguka, akirekebisha. Kombora moja lilipenya ngao ya mzinga wa Kingani na kuwaua Junge na mabaharia wawili. Fundi wa mitambo akajisalimisha. Yote yalichukua dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja zile zina somo zima la ulinzi wa meli kwa karibu. Meli ilikuwa na mzinga mzuri, una watu hodari, una makombora ya kutosha. Ilikosa mambo mawili: uwezo wa kugeukia upande wowote upesi, na jicho la kuona nyuma. Mhandisi yeyote aliyekuja kuunda mashine za kulinda manowari baadaye alikuwa anajibu swali lililomuua Junge, hata kama hakuwahi kulisikia jina la Kingani.

Kingani ilivutwa hadi Kalemie ikiwa na tundu ubavuni, ikazibwa, ikaitwa Fifi, na kwa mbele ikapewa mzinga wa milimita 76 ambao Wabelgiji waliukusudia kwa ulinzi wa ufuko. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta habari za mwenzake. Fifi na Mimi zikaifukuza. Mzinga mpya wa Fifi ulikuwa mkubwa kwa mwili wa meli ile. Ulipofyatuliwa, meli ilisimama kana kwamba imegonga kitu. Hedwig ikazidi kutoroka. Mimi ilitangulia kwa kasi yake, ikaanza kuipiga kwa nyuma na kuilazimisha igeuke huku na huku, na kila ikigeuka ilipoteza mwendo.

Makombora ya Fifi yalikuwa yanapita juu na kuanguka ng'ambo ya shabaha. Kutoka kwenye Fifi hawakuweza kuona vizuri yanaangukia wapi. Waliokuwa kwenye Mimi, karibu na Hedwig, waliona. Ndipo Mimi ikakata mbio, ikarudi hadi ubavuni mwa Fifi, na Wainwright aliyekuwa akiiongoza akapaza sauti kumwambia Spicer-Simson ashushe shabaha. Fifi ilikuwa imebaki na makombora matatu. Moja likakwama ndani ya mzinga, na dakika ishirini zikapita kabla halijatolewa. La pili kutoka mwisho liliipiga Hedwig mwilini, la mwisho likaingia chumba cha mitambo na kulipasua tangi la mvuke. Mabaharia watano wa Kiafrika na Wajerumani wawili walikufa humo. Odebrecht, kapteni wao, aliwaamuru waliobaki waiache meli, ikazama, na bendera yake ikaokotwa majini.

Götzen ilitokea kesho yake kuitafuta Hedwig. Spicer-Simson aliitazama kwa mbali na hakutoka bandarini. Wengi walimlaumu, lakini mimi naona alipiga hesabu sawa: mzinga wa milimita 105 ungezisaga mashua za mbao kabla hazijaingia masafa ya Hotchkiss. Meli kubwa ile ilikuja kufuatwa na kitu kingine. Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short, zikafichwa kwenye kiziwa cha Mtoa karibu na Kalemie, na tarehe 10 Juni 1916 zikaidondoshea Kigoma mabomu. Wakati huo Götzen haikuwa na meno tena. Mzinga wake ulikuwa umepelekwa kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Tarehe 26 Julai 1916, mwaka mmoja kamili tangu treni ile isimame Elisabethville, Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi nene na kuizamisha wenyewe. Mitambo ile ilihifadhika vizuri: Waingereza waliiibua meli mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, meli iliyobeba dagaa, mahindi na wakimbizi wa pande zote za ziwa kwa vizazi vitatu.

Ndege juu ya Kigoma zilileta swali jipya. Adui wa meli sasa alitoka angani, na kasi yake ilizidi kuongezeka. Vita vya pili vya dunia vilijaza sitaha za manowari mizinga ya Oerlikon ya milimita 20 na Bofors ya milimita 40, kila mmoja na wapigaji na wapakiaji wake, na rada ikaanza kuwasaidia kulenga. Hata hivyo mtu ndiye aliyeamua na kufuatilia.

Tarehe 21 Oktoba 1967 ndipo mtu alipoonekana hatoshi. Boti ndogo za Misri, bila hata kutoka bandari ya Port Said, zilifyatua makombora ya Kisovieti aina ya Styx, na manowari ya Israel, Eilat, ikazama na watu 47. Kombora la namna hiyo huruka karibu na kasi ya sauti. Likifika kilomita moja na nusu kutoka kwenye meli, kimebaki kiasi cha sekunde tano. Katika sekunde tano hakuna mtu anayeweza kuona, kuamua, kulenga, kufyatua, kuona risasi zinapoangukia na kurekebisha.

Jibu la Marekani lilikuwa Phalanx. Mashine ya majaribio iliwekwa kwenye meli USS King mwaka 1973, na mwaka 1980 ikaanza kazi kwenye USS Coral Sea. Ukiiona ni nguzo yenye kichwa cheupe cha mviringo, na chini ya kichwa imetokeza mitutu sita ya milimita 20 inayozunguka. Mle kichwani mna rada mbili. Moja inazunguka ikitafuta. Nyingine inashika shabaha iliyopatikana. Kompyuta inapima: kinakuja kwetu, au kinapita? Kina kasi gani? Kikitimiza masharti, mitutu inafyatua risasi 4,500 kwa dakika, na pipa lake la risasi 1,550 huisha kwa sekunde ishirini hivi.

Lililo kubwa ndani ya mashine hii ni kwamba rada inaangalia vitu viwili kwa pamoja: kombora linalokuja na risasi zinazokwenda. Inapima umbali kati ya vile viwili na kuisogeza mitutu hadi umbali huo uishe. Kile kilichoigharimu Mimi kukata mbio, kurudi, na mtu kupaza sauti juu ya kishindo cha injini, hufanyika hapa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wasovieti walikuwa na AK-630 ya milimita 30 tangu miaka ya 1970, Waholanzi wakaunda Goalkeeper yenye mitutu saba, na Wachina wakafuata na Type 730. Zote zina wazo lileule.

Katanga haikosekani hata hapa. Ganda la kombora la Hotchkiss lilikuwa la shaba iliyochanganywa na zinki, na miaka ile ya vita uzalishaji wa Union Minière ulipanda kutoka tani kama 1,000 mwaka 1911 hadi zaidi ya 27,000 mwaka 1917, shaba iliyotakiwa na viwanda vya silaha vya Washirika. Mwaka uleule wa 1915, ambao mashua zilivuka Mitumba, mtafuta madini Robert Sharp aliipata urani pale Shinkolobwe, kati ya Elisabethville na Fungurume. Urani ya Shinkolobwe ilitumika kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima. Risasi za kwanza za Phalanx nazo zilikuwa na kiini cha urani hafifu, ile inayobaki baada ya sehemu yake kali kuondolewa, kwa kuwa ni metali nzito inayopenya chuma. Baadaye ikaachwa, wakatumia tungsteni, na madini yanayotoa tungsteni huchimbwa na vijana wetu kwa mikono katika Kivu na Maniema. Mtu wa Lubumbashi anayesoma habari za silaha hizi hasomi habari za nchi ya mbali.

Mashine inaona haraka, ila haimjui ndugu. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, Phalanx ya USS Jarrett ilivifyatulia vipande vya karatasi ya metali vilivyotupwa angani na USS Missouri ili kudanganya rada ya adui. Risasi kadhaa zikaipiga Missouri yenyewe. Mwaka 1996, kwenye mazoezi katika Pasifiki, manowari ya Japani Yūgiri ilitakiwa kupiga shabaha iliyokuwa ikivutwa na ndege ya Kimarekani. Mashine ikaichagua ndege. Marubani wawili waliruka na kupona. Upande wa pili kuna USS Stark: tarehe 17 Mei 1987, ndege ya Iraki iliipiga kwa makombora mawili ya Exocet katika Ghuba. Phalanx ilikuwapo melini, nzima, lakini ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kusubiri. Mabaharia 37 walikufa.

Kwa hiyo uamuzi wa mtu haukuondoka. Umesogea tu nyuma. Zamani aliamua wakati wa kufyatua. Sasa anaamua kabla, anapoiruhusu mashine ijiendeshe au kuizuia, na baada ya hapo hana nafasi ya kubadili neno. Nadhani hilo ni zito kuliko kubana kitufe, na maofisa wanaopewa mamlaka hayo wanapaswa kuulizwa kwa ukali uleule kama waliokuwa wakishika mzinga wenyewe, maana mashine haitasimama mbele ya hakimu.

Tarehe 30 Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, kombora lililorushwa na Wahouthi wa Yemen lilipita ulinzi wa mbali wa manowari ya Kimarekani USS Gravely na kuikaribia hadi umbali wa kama maili moja. Phalanx ikaliangusha. Mashambulizi ya bahari ile yalikuwa yameanza mwishoni mwa 2023, na kampuni nyingi za meli zikaacha kupita Suez, zikazunguka Afrika yote kwa kusini. Shaba na kobalti ya Haut-Katanga hutoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, sehemu kubwa ikienda bandari ya Dar es Salaam. Mzigo uliokuwa ukielekea Ulaya ulilazimika kuongezewa siku nyingi majini, na gharama ya bima na nauli ikapanda kwa kila kontena.